KLACHI INAYOTELEZA: Namna ya Kuitambua Kabla ya Kununua Pikipiki Kuukuu

Katika Uganda pikipiki si chombo cha anasa. Ni miguu ya jamaa nzima. Askari huipanda kwenda lindoni alfajiri, mkewe hupakia juu yake ndizi na mayai ya kupeleka sokoni, na mtoto mwenye homa hubebwa juu yake usiku kwenda zahanati. Vijana wengi hupata riziki yao kwa bodaboda, na neno hilo lenyewe ni mali ya nchi hizi. Lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, wakati vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha wasafiri kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, huku wakiwaita kwa sauti kuwa wanatoka mpaka hadi mpaka. Baadaye pikipiki ilichukua nafasi ya baiskeli, na leo hakuna wilaya isiyoijua.

Lakini si kila mtu awezaye kununua pikipiki mpya. Wengi hununua iliyokwisha kutumika, na fedha za kuinunulia mara nyingi ni za mkopo. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo kiitwacho Wazalendo, na polisi wana chao kiitwacho Exodus. Mkopo wa namna hiyo hulipwa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Pikipiki ikifa mwezi wa pili, mkopo haufi pamoja nayo. Jamaa itaendelea kulipia chuma kilichoegemezwa ukutani, na ada ya shule itatafutwa mahali pengine.

Katika maradhi yote ya pikipiki kuukuu, ugonjwa wa klachi ndio ulio mwepesi kufichwa. Tairi lililokwisha huonekana kwa macho. Injini inayokula oili hujitangaza kwa moshi wa buluu. Mnyororo uliolegea hupiga kelele njia nzima. Klachi, hasha! Imefungiwa ndani ya injini, na kwenye barabara tambarare, kwa mpandaji mmoja asiye na mzigo, hata klachi iliyochakaa huweza kwenda vizuri kabisa. Huonyesha aibu yake siku ya kwanza ya kupanda mlima na mzigo mgongoni, na siku hiyo mwuzaji amekwisha kwenda zake na fedha mfukoni. Kwa sababu hiyo yafaa kila mnunuzi, awe askari au raia, mume au mke, ajue namna ya kuipima kabla ya kutoa shilingi yake.

KLACHI NI KITU GANI

Kazi ya klachi ni kuunganisha nguvu ya injini na gia, na kuzitenganisha pale mwendeshaji anapotaka kubadili gia au kusimama bila injini kuzima. Katika pikipiki nyingi zinazoonekana katika barabara za Uganda, kama vile Bajaj Boxer kutoka India na Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, klachi hukaa ndani ya kifuniko cha upande wa kulia wa injini, nayo huoga katika oili ile ile inayolainisha injini.

Ndani ya kifuniko hicho mna bakuli la chuma lenye mianya ubavuni. Humo zimepangwa pleti za namna mbili, moja juu ya nyingine, kama chapati katika sufuria. Namna ya kwanza ni pleti zenye lainingi, ambazo meno yake hushika mianya ya bakuli. Hizi huzunguka pamoja na injini. Namna ya pili ni pleti za chuma tupu, ambazo hushika kitovu cha katikati. Hizi huzunguka pamoja na gia. Juu ya rundo lote zimekazwa springi, mara nyingi nne, zinazozibana pleti hizo ziwe kama kitu kimoja. Mwendeshaji anapovuta mkono wa klachi ulio upande wa kushoto wa usukani, waya huvuta, springi hubanwa, pleti huachiana, na nguvu hukatika. Anapouachia, pleti hushikana tena na pikipiki huenda.

Kutoka hapo ni rahisi kuelewa ugonjwa wenyewe. Klachi hutelezea pale pleti zinaposhindwa kushikana sawasawa. Injini huzunguka kwa kasi, lakini sehemu ya nguvu yake hupotea kati ya pleti na kugeuka joto. Joto hilo huunguza lainingi, lainingi iliyoungua huteleza zaidi, na kuteleza zaidi huleta joto zaidi. Ugonjwa huu haujiponyi. Hukua kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KWA NINI HUTELEZA

Sababu ya kwanza ni uzee wa pleti. Pleti mpya yenye lainingi ya pikipiki ndogo huwa na unene wa karibu milimita 3 tu, na kupungua kwa sehemu chache za kumi za milimita moja kwatosha kuifanya isifae. Sababu ya pili ni springi zilizochoka, ambazo kwa joto na miaka zimefupika na kupoteza nguvu ya kubana. Sababu ya tatu ni waya uliokazwa mno, kiasi kwamba mkono wa klachi hauna nafasi ya kucheza. Klachi ya namna hiyo huwa imevutwa kidogo wakati wote, kama mtu anayetembea huku amekanyaga vazi lake mwenyewe.

Sababu ya nne ni oili isiyofaa. Kwa kuwa klachi ya pikipiki huoga katika oili, haiwezi kutumia oili yoyote iliyopo dukani. Ziko oili za motokaa zilizotiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Dawa hiyo ni njema kwa gari, ambalo klachi yake kwa kawaida hukaa mahali pakavu, lakini kwa pikipiki huweza kuwa sumu, kwa sababu pleti huishi kwa msuguano. Wajapani waliweka alama ya kutambulisha oili ya pikipiki: kwenye kopo huandikwa JASO MA au MA2. Penye alama ya MB, msuguano wake ni mdogo, nayo haikukusudiwa klachi ya kuoga.

Sababu ya tano ni mwendeshaji mwenyewe. Wako wanaopumzisha vidole juu ya mkono wa klachi safari nzima. Wako wanaoisimamisha pikipiki mlimani kwa kuicheza klachi badala ya kukanyaga breki. Na wako wanaopakia abiria watatu na gunia juu. Pikipiki iliyofanya kazi ya bodaboda miaka mitatu katika vilima vya Kampala imekwisha kuondoka na kusimama mara nyingi kuliko ile ya mwalimu wa kijijini iliyokwenda shuleni na kurudi kwa miaka kumi. Basi mnunuzi asiulize umri wa pikipiki peke yake. Aulize pia ilikuwa ikifanya kazi gani.

MACHO NA MKONO KABLA YA KUWASHA

Jambo la kwanza, mnunuzi afike mapema na aiguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ni ya moto, aulize kwa nini. Injini yenye shida ya kuwaka huwashwa na wenyewe kabla ya mgeni kufika. Heri asubiri ipoe, kisha apige kiki mwenyewe.

Jambo la pili, auvute mkono wa klachi taratibu kwa kidole kimoja. Mwanzoni uwe mwepesi, ukicheza kidogo bila kuvuta kitu, kisha aanze kuhisi uzito wa springi. Mchezo huo, ukipimwa kwenye ncha ya mkono, huwa milimita 10 hadi 20 katika pikipiki nyingi za Honda; kijitabu cha kila aina hutaja kipimo chake. Ikiwa hakuna mchezo hata kidogo, klachi haishiki kikamilifu. Na ikiwa mkono unarudi kwa uvivu baada ya kuachiwa, waya umekauka au umeanza kukatika nyuzi ndani ya ala yake.

Jambo la tatu, aitazame skrubu ya kurekebishia waya, iliyo karibu na mkono au chini kwenye injini. Skrubu hii husema mengi kuliko mwuzaji. Katika pikipiki nyingi za aina hii, pleti zinavyozidi kuliwa ndivyo mchezo wa mkono unavyopungua, na fundi hulazimika kuurudisha waya kwa kuizungusha skrubu ndani. Ikiwa imeingizwa hadi mwisho na bado mkono hauna mchezo, hapana shaka pleti zimekwisha. Mikwaruzo mipya juu ya nati nayo ni ushahidi kwamba mtu aliigusa karibuni. Aulizwe ni nani, na ni kwa nini.

Jambo la nne ni oili. Mnunuzi achomoe kijiti cha kupimia, aifute oili kidogo kwa kitambaa cheupe, aitazame na kuinusa. Oili nyeusi si dhambi. Hiyo ni kazi yake. Lakini oili yenye harufu ya kuungua, na yenye chembe chembe nyeusi zinazosagika kati ya vidole, imebeba lainingi ya pleti. Oili mpya inayong'aa ndani ya pikipiki chafu nayo istahili swali. Huenda ni usafi, huenda ni kuosha ushahidi.

MAJARIBIO MATATU

Baada ya kutazama ndipo yafuate majaribio, nayo yafanywe injini ikiwa imekwisha kupata moto, baada ya kuendesha dakika 15 au 20. Klachi iliyochoka huweza kushika vizuri ikiwa baridi na kuteleza ikiwa moto. Mwuzaji anayeruhusu mzunguko mmoja tu wa uwanja, kisha akadai ufunguo wake, amekwisha kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Jaribio la kwanza hufanywa mahali pamoja. Mwendeshaji akae juu ya pikipiki mahali peupe pasipo mtu mbele wala nyuma, mguu wa kushoto chini, na mguu wa kulia ukikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu. Atie gia ya tatu, aongeze mafuta kiasi kidogo, kisha auachie mkono wa klachi polepole. Klachi nzima itaishika injini na kuizima. Klachi mbovu itaiacha injini iendelee kunguruma ilhali gurudumu limesimama. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, na kwa muda mfupi, kwa kuwa kulirudia rudia ni kuiunguza klachi ya mtu ambayo bado haijanunuliwa.

Jaribio la pili ni la barabara tambarare. Pikipiki iendeshwe katika gia ya mwisho, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa hivi, kisha mkono wa mafuta uzungushwe ghafla hadi mwisho. Pikipiki nyingi ndogo hazina saa ya kuhesabu mizunguko ya injini, kwa hiyo sikio ndilo saa. Sauti ya injini na mwendo wa pikipiki vipande pamoja, kama mtu na kivuli chake. Sauti ikiruka juu, lakini mshale wa mwendo ukasita, kisha sauti ikashuka yenyewe mwendo ulipoifikia, hiyo ni klachi inayoteleza. Gia ya mwisho huchaguliwa kwa sababu hapo klachi hubeba kazi nzito. Katika gia ya kwanza hata klachi mgonjwa hujifanya mzima.

Jaribio la tatu ndilo hakimu wa mwisho, nalo ni la mlima. Mnunuzi ampakie mwenzake nyuma, mtu mzima na si mtoto, kila mmoja akiwa na kofia ya kujikinga, na watafute kilima chenye barabara nzuri isiyo na magari mengi. Kampala haina uhaba wa vilima. Kololo, Mulago na Namirembe viko pale. Huko Kabale na Kapchorwa mtu hahitaji hata kutafuta. Waanze kupanda katika gia ya tatu, mafuta yakiongezwa taratibu hadi mwisho. Ikiwa injini italia kama inayokimbia ilhali pikipiki inatambaa, na harufu ya kuungua ikapanda kutoka chini, basi kesi imekwisha.

Mara nyingi hapo mwuzaji huanza hotuba. "Afande, hiyo ni klachi ngumu tu, ikiuzoea mkono wako itakaa sawa." Klachi haizoei mkono wa mtu. Jibu la mnunuzi mwenye busara ni la upole na fupi: "Sawa, ndugu yangu. Basi tuifungue mbele ya fundi, kisha tuzungumze bei."

MAGONJWA YANAYOFANANA

Si kila pikipiki dhaifu ina klachi mbovu, na kumlaumu asiye na kosa ni hasara pia. Ikiwa mafuta yameongezwa na injini yenyewe haipandi sauti, bali vyote viwili vimezubaa, tatizo liko kwenye injini: huenda kabureta ni chafu, chujio la hewa limeziba, au pistoni na ringi zimekwisha. Hizo ringi ni kesi kubwa kuliko klachi.

Ikiwa pikipiki inaruka kwa mishtuko na kishindo cha chuma kinasikika nyuma, mnyororo unaruka meno ya sproketi yaliyokuwa makali kama ya papa. Hilo huonekana kwa macho. Ikiwa injini inalia ghafla na nguvu yote inakatika kwa mara moja, kisha gia inarudi kwa kishindo, gia ndiyo inayochomoka, wala si klachi. Na kuitengeneza ni kupasua injini nzima. Tena, kama gurudumu la nyuma haligeuki kwa wepesi linapoinuliwa juu gia ikiwa haikuingizwa, breki inashika, nayo huinyima pikipiki nguvu bila klachi kuwa na hatia.

Uko pia ugonjwa wa upande wa pili, wa klachi isiyoachia. Mkono umevutwa hadi mwisho, lakini pikipiki yataka kwenda, na gia haiingii ila kwa kulazimishwa. Mara nyingi waya umelegea mno na kuurekebisha kwatosha. Lakini pia huweza kuwa pleti za chuma zimepinda kwa joto. Basi mnunuzi akikuta mkono wenye mchezo mkubwa kupita kiasi, asifurahi kwamba klachi haitelezi. Huenda umelegezwa makusudi ili pleti zilizochoka zipate kushika siku ya mnada.

PIKIPIKI ZA MAGURUDUMU MANNE

Kuna vyombo vingine vinavyoanza kuonekana mashambani, na pia Jinja karibu na Mto Nile, ambako watalii huvipanda kwa matembezi. Hizi ni pikipiki za magurudumu manne. Kampuni ya Suzuki ndiyo iliyotangulia kuzitoa za namna hii, katika mwanzo wa miaka ya 1980. Zikichoka kwa kazi huuzwa, na mkulima mwenye shamba la milima huweza kuvutiwa nazo.

Nyingi hazina mkono wa klachi kabisa, na hilo huwapoteza watu. Si kwamba hazina klachi. Baadhi zina klachi mbili: moja hushika yenyewe mzunguko wa injini unapoongezeka, kwa viatu vinavyotupwa nje na mzunguko huo, na ya pili ni ya pleti, inayoachia wakati mguu unapobadili gia. Nyingine hutumia mkanda wa mpira kati ya puli mbili.

Kanuni ya kuzipima ni ile ile: sauti na mwendo vipande pamoja. Katika zile za klachi mbili, mafuta yaongezwe taratibu kutoka mahali pa kusimama. Chombo kianze kujivuta mapema na kwa upole; ikiwa injini yapiga kelele nyingi kabla gurudumu halijageuka, viatu vimeliwa. Kisha kipandishwe mlimani katika gia ya juu, kama pikipiki. Katika zile za mkanda, mnunuzi aombe kifuniko kifunguliwe. Mkanda wenye nyufa, uliong'aa ubavuni, au wenye harufu ya mpira ulioungua, umekwisha kazi. Maji na matope ndani ya kifuniko ni ishara kwamba chombo kilizamishwa mtoni, na mkanda uliolowa huteleza kama sabuni. Jaribio la kurudi nyuma pia lisisahauliwe, kwa kuwa wauzaji hupenda kuonyesha mwendo wa mbele tu.

BEI YA KILA UGONJWA

Klachi inayoteleza si lazima imfukuze mnunuzi. Yafaa imfanye ahesabu. Yapo mateleza ya shilingi chache na yapo ya shilingi nyingi, na busara ni kujua lipi ni lipi kabla ya kukubaliana bei.

Ikiwa mkono hauna mchezo, urekebishwe kwanza na pikipiki ijaribiwe tena. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Ikiwa kuteleza kumeondoka, na skrubu bado ina nafasi ya kutosha, mnunuzi amepata pikipiki nzuri kwa bei ya pikipiki mbaya. Ikiwa oili ni ya namna isiyofaa, imwagwe na kutiwa ifaayo. Injini ndogo kama hizi huchukua karibu lita 1. Wakati mwingine pleti hupona, wakati mwingine zimekwisha kunywa dawa ile na hazishiki tena.

Ikishindikana, kifuniko kifunguliwe. Springi na pleti hubadilishwa pamoja, seti nzima, kwa kuwa kuweka pleti mpya chini ya springi iliyochoka ni kumvika mgonjwa shati jipya. Vipuri vya Boxer hupatikana kwa wingi, katika soko la Kisekka mjini Kampala na hata katika miji midogo. Lakini fundi alitazame pia bakuli lenyewe. Ikiwa kingo za mianya yake zimechimbika mitaro, pleti mpya zitakwama humo, na bakuli nalo litatakiwa. Tena achunguze chujio la oili: chembe za lainingi zikiliziba, oili haifiki juu ya injini, na klachi ya bei ndogo itakuwa imeua injini ya bei kubwa.

Gharama hizo zote ziandikwe juu ya karatasi, vipuri pamoja na ujira wa fundi, na zitolewe katika bei inayotajwa. Fundi awe wa mnunuzi, wala si wa mwuzaji, na alipwe ujira wake hata kama biashara haikufanyika. Ujira wa fundi wa siku moja ni mdogo kuliko mkopo wa mwaka mzima.

FEDHA, KARATASI NA MASHAHIDI

Klachi ikiwa nzima, bado pikipiki yaweza kuwa ya wizi. Namba ya injini na namba ya fremu zisomwe kwenye chuma chenyewe, na zilinganishwe na logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwaruzwa, iliyopigwa upya, au iliyofunikwa kwa rangi mbichi ni sababu ya kuondoka mara moja. Mwuzaji awe yule ambaye jina lake limeandikwa humo, au awe na barua ya kweli ya mwenyewe pamoja na kitambulisho.

Mkataba wa mauzo uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili, na mashahidi wawepo; wengi hupeleka mkataba kwa mwenyekiti wa LC1 ili autie mhuri. Ndani yake iandikwe hali ya klachi kama ilivyokutwa siku hiyo. Kisha jina la mmiliki libadilishwe bila kuchelewa.

Jambo hili si la mume peke yake. Mke ndiye atakayeupunguza unga na sukari endapo hesabu itapotoka. Basi ajue bei, ajue kiasi cha marekebisho, na awe na sauti katika uamuzi. Jamaa nyingi zimeponea kwa neno moja la mama: "Baba watoto, turudi kesho tuitazame tena." Haraka haraka haina baraka, na pikipiki inayopaswa kununuliwa leo leo kabla ya jua kutua mara nyingi ina sababu ya kuogopa kesho.

KUITUNZA

Aliyekwisha kununua na kutengeneza asiirudishe pikipiki katika ugonjwa ule ule. Oili ibadilishwe kwa wakati uliotajwa katika kijitabu, na iwe yenye alama ya JASO MA au MA2. Mchezo wa mkono wa klachi upimwe kila juma, siku ya kuosha pikipiki, na waya utiwe tone la oili. Vidole viondoke juu ya mkono wa klachi mara gia ikishaingia. Mlimani pikipiki isimamishwe kwa breki, na kuondoka kufanywe katika gia ya kwanza. Abiria awe mmoja, kama sheria inavyotaka.

Na kijana wa nyumbani anayekabidhiwa pikipiki hiyo afundishwe kuisikiliza. Siku sauti itakapotangulia na mwendo ukabaki nyuma, asiongeze mafuta, wala asingoje mwisho wa mwezi. Aiegeshe, auangalie mkono wa klachi, na alete habari nyumbani jioni ile ile, wakati tiba yake bado ni mzunguko mmoja wa skrubu.